Paka Aliyekatazwa Msibani

Hekalu la Setsuganji, Shinano
Siku ya ishirini, mwezi wa saba, mwaka wa tatu wa enzi ya Genroku

Kwa kaka yangu Tadahiro, mchoraji wa ikulu,

Natumai joto la mji mkuu limeanza kupungua, na shemeji na watoto hawajambo. Huku sote wazima. Mama anakula vizuri, analala vizuri na anagombana vizuri. Macho tu ndiyo yanazidi kufifia. Juzi aliuamkia mtungi wa maji akidhani ni mimi, na alipogundua akasema afadhali mtungi, una adabu. Anauliza utakuja lini. Nimemwambia una kazi nyingi. Akanijibu, "Mwambie na mimi nina kazi, ya kumngoja."

Sasa nikueleze kilichonifanya nishike kalamu. Kaka, panya wamemla Buddha.

Unaijua ile picha yetu kubwa ya siku aliyoaga dunia, ile ninayoitundika kila mwaka siku ya kumi na tano ya mwezi wa pili, watu wakaja kumlilia. Nimeifungua wiki hii niianike kama kawaida ya kiangazi, lo! Wamekula miguu ya Buddha, wamekula nusu ya wanafunzi wake, na tembo mzima hayupo. Waliobaki ni wanyama wachache wamekaa wanalia, na kwa hali niliyoiona, nadhani wanajililia wenyewe.

Nilitaka kulificha jambo hili, lakini Otsune, yule mjane wa karibu na kisima mwenye paka wengi, alikuwa amekuja kunisaidia kuanika. Aliitazama picha, akaweka mikono kiunoni. "Mheshimiwa mtawa," akaniambia, "wanyama wote wa dunia wamekuja msibani, paka peke yake hayumo. Mlitegemea panya wafanye nini? Wamechungulia, wameona hakuna mlinzi, wamekula!" Kufika jioni kijiji kizima kinasema hivyo hivyo. Na wewe unawajua watu wetu: wanaishi kwa viwavi wa hariri, panya anakula viwavi, kwa hiyo kwao paka ni mkubwa kuliko diwani.

Wameamua. Wanataka picha mpya yenye paka kabla ya siku ya msiba. Wasipoipata wanahamia hekalu la chini, kwa mtawa Donkai. Yeye tayari anaye paka ukutani, amechorewa na mtu anayechora mabango ya maduka ya pombe ya sake. Paka mwenyewe ana uso wa mkusanya kodi, lakini ni paka. Watu wakienda, hekalu hili limekufa, na nyumba ya Mama iko hapa hapa getini. Nakuomba basi, kaka yangu, picha moja na paka mmoja.

Mdogo wako,
Ryosen

*

Kyoto, mtaa wa wachoraji
Siku ya tisa, mwezi wa nane

Kwa mdogo wangu mtawa Ryosen,

Barua yako imenikuta nikiwa mzima, ingawa nimechoka kwa heshima nyingi ninazopewa. Shemeji yako anakusalimu. Kijana wangu mkubwa ameanza kusaga rangi na ameshaharibu buluu ya bei mbaya. Mpe Mama pole ya macho. Mwambie nitakuja majani yakigeuka rangi, au yakianguka, au pengine yakichipua.

Habari ya panya imenisikitisha. Picha nitakuchorea, tena kwa mkono wangu mwenyewe, na si kwa mkono wa wanafunzi kama wanavyofanyiwa wengine wa mikoani. Ila paka hapana.

Ryosen, wewe ni mtawa au muuza samaki? Hukufundishwa? Buddha alipokuwa anakata roho, mama yake alimrushia dawa kutoka mbinguni, dawa ikanasa mtini. Panya akatumwa aiteremshe. Nani akamla panya njiani? Paka! Sasa unataka muuaji akae mstari wa mbele msibani, anajifuta machozi? Nyumba yetu ya Kamezu imechora msiba huu kwa vizazi tisa, na kwenye vitabu vya mifano walivyotuachia wazee kila mnyama yumo na mahali pake pa kukaa. Paka hana mahali.

Nitawapa kitu kikubwa zaidi. Nitawapa chui milia wangu na mkewe, yule wa madoadoa, maana kwetu wachoraji chui wa madoadoa ndiye jike la chui milia. Chui milia wa Kamezu anajulikana hadi vyumba vya ndani vya ikulu. Wakimwona yeye, habari ya paka wataisahau.

Na mimi nina ombi. Mwaka huu jina langu limepelekwa juu ili nipewe cheo cha Hokkyo. Wewe unakijua: ni cheo cha kitawa, wanapewa wachoraji waliowazidi wenzao. Kinachotakiwa ni cheti kutoka hekalu la mkoani, kwamba picha yangu iliwagusa watu. Mshindani wangu, yule bwana wa misonobari, amekwishapata cha kwake kutoka Echigo. Kimeandikwa eti watu walisikia misonobari yake ikivuma. Sasa nawe tazama watu wako wataguswa vipi, uniandikie.

Halafu nieleze, ukinyoa kichwa unaanzia mbele au nyuma? Mwenye cheo hicho lazima awe na upara, na nimejaribu mara moja nikajikata.

Kaka yako,
Kamezu Tadahiro

*

Setsuganji
Siku ya tano, mwezi wa tisa

Kaka mpendwa,

Hongera kwa cheo kinachokuja. Unaanzia mbele. Mimi nimekuwa mtawa tangu nilipokuwa mtoto, nimekula maharage na figili maisha yangu yote, nimezika nusu ya bonde hili, na cheo changu ni "wee mtawa, njoo." Wewe unakula samaki, unakunywa sake, una mke, na sasa umekuwa mtawa mkubwa kuliko mimi. Makubwa! Siku ukija tutaulizana nani ampigie mwenzake magoti.

Mama anaendelea vizuri. Amelazimisha tukaushe matunda ya makaki mengi kuliko mwaka jana kwa sababu unayapenda. Nilimwambia huko unakula vitamu vya ikulu, akaniambia ninyamaze nimenye.

Niliwasomea watu barua yako, ule upande wa dawa na panya. Ningejua nisingethubutu. Otsune alisimama akasema, "Kumbe! Paka alifanya kazi yake hata siku ya msiba, na mnamnyima mahali? Panya ndiye aliyechelewa na dawa. Kwa nini hakukimbia?" Watu wakapiga makofi. Mzee wa kijiji, Gonzaemon, akasema kwa upole wake kwamba yeye haelewi mambo ya dini, ila alipoteza viwavi wa chumba kizima mwaka ule paka wake alipokufa, na hajawahi kupoteza hata mmoja kwa kukosa chui milia.

Mimi watu hawa nawapenda, na pia naogopa. Donkai amepita nyumba hadi nyumba akigawa mochi, zile keki za mchele. Amemwambia Gonzaemon kwamba kwake hata mbwa atachorewa akitaka.

Na kuhusu vizazi tisa, kaka, tuheshimiane. Hivyo vizazi umeviazima. Kamezu walikuchukua ukiwa na miaka kumi na mbili wakakupa jina lao. Kabla ya hapo ulikuwa mtoto wa mfuga viwavi kama mimi, na ulikuwa ukilala chini ya trei za majani ya mforosadi ukisikia viwavi wakitafuna. Hao unaowanyima paka ni shangazi zako.

Paka mdogo tu. Mweke pembeni, ageukie huko, asionekane hata uso. Mama anasema hata wa ukubwa wa ngumi yake yatosha. Pia anauliza kama unamkumbuka Koge.

Ryosen

*

Kyoto
Siku ya kumi na nane, mwezi wa kumi na moja

Kwa mtawa Ryosen,

Nisamehe kwa kukawia. Baridi imeingia na gundi inaganda kwenye vibakuli. Familia haijambo. Nimeyapata makaki, nimekula nane kwa mpigo, tumbo limenikomesha. Mshukuru Mama. Mwambie kuja bado kunasumbua.

Picha inakaribia kumalizika. Buddha amelala vizuri, wanafunzi wake wanalia kila mmoja kwa namna yake. Tembo nimemfanya mweupe, na meno yake, na kucha ndefu, na nyusi kama za mzee mwenye busara. Wenzangu wamesema ni tembo hai kabisa. Kuna simba mwenye nywele za mafundo mafundo. Kuna joka. Kuna ndege mwenye kichwa cha msichana. Chui milia amelala upande wa miguu ya Buddha, mkewe wa madoadoa kando yake, wote wanalia.

Unaniuliza kwa nini siwezi kuongeza kitu kidogo hivyo. Basi nikuulize nawe. Nani katika bonde lako amewahi kumwona tembo? Hakuna. Joka? Hakuna. Nikichora tembo nyusi, nani atanibishia? Lakini paka, mdogo wangu, kila mtu anaye nyumbani! Mtoto wa miaka mitatu atasimama mbele ya picha ya mchoraji wa ikulu aseme, "Mguu wa nyuma haukunjwi hivyo." Unataka nitahiniwe na watoto wa wafuga viwavi, mwaka huu, mwaka wa cheo?

Tena uwaandae watu wamtazame chui milia vizuri, hasa sikio lake. Chui milia wote wa Kamezu, tangu nilipoanza kuwachora mimi, wana sikio la kulia lililopasuka. Hapa mjini limeandikiwa mengi. Mheshimiwa mtunza picha wa ikulu anasema kulia ni upande wa nguvu, na sikio lililopasuka ni nguvu inayoinama mbele ya Sheria ya Buddha. Bwana mwingine anasema lilipasuliwa na joka. Walibishana karamu nzima hadi wakatupiana vijiti vya kulia chakula. Mimi huwa nanyamaza na kuinamisha kichwa. Wanadhani ni unyenyekevu.

Usisahau na cheti. Andika watu walitetemeka.

Kamezu Tadahiro

*

Setsuganji
Siku ya sita, mwezi wa kumi na mbili

Kaka,

Sote wazima. Theluji imefika madirishani. Mama amekohoa siku chache, amepona. Umejibu kila kitu katika barua yangu, hata makaki, isipokuwa swali moja. Mama alikuuliza kama unamkumbuka Koge.

Basi nitakukumbusha mimi. Koge alikuwa paka wa Mama, wa michirizi, rangi ya ukoko wa wali, ndiyo maana akaitwa hivyo. Sikio lake lilipasuliwa na jogoo wa jirani. Wale wa Kamezu walipopita hapa kutafuta mtoto mwenye mkono mzuri wa kumrithisha kazi, walikuambia uchore chui milia. Hukuwa umemwona chui milia hata ngozi yake. Ulimchora Koge, ukamnenepesha, ukamkunjia uso. Mimi ndiye niliyemshikia mkia asikimbie, na makovu ninayo mkononi mpaka leo. Wakasema, "Mtoto huyu ameona roho ya chui milia!" wakakuchukua, na Koge akapewa kichwa cha dagaa.

Kwa hiyo usiniletee habari za vizazi tisa na dawa iliyonasa mtini. Najua kinachokuogopesha. Ukimchora paka na chui milia kwenye kitambaa kimoja, hata kipofu ataona ni ndugu. Halafu watu watakwenda kutazama milango ya ikulu kwa macho mengine. Nakuelewa, na nakuonea huruma, lakini pia nimekasirika, maana unailinda michirizi yako na mimi naachiwa hekalu tupu.

Familia mbili zimeshachukua vibao vyenye majina ya marehemu wao kutoka kwenye madhabahu yangu, wamevipeleka chini kwa Donkai. Walipita getini wamevifunga kwa kitambaa cheupe, hawakunitazama usoni. Mama alikuwa ameketi mlangoni, akauliza ni nani amekufa. Wengine wanangoja siku ya msiba waone.

Usipotuma paka nitamwita fundi wa paa achore. Ana brashi ya lami.

Ryosen

*

Kyoto
Siku ya saba, mwezi wa kwanza, mwaka wa nne wa Genroku

Kwa mdogo wangu mtawa Ryosen,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Mama. Tumekula uji wa majani saba, watoto wamekua, shemeji yako amepata kimono kipya ambacho hakijamridhisha.

Picha imeondoka leo kwa farasi wa mizigo, imefungwa kwa karatasi ya mafuta na mkeka. Wakiiloweka niambie nimshitaki mtu. Usimwite fundi wa paa.

Sijachora paka.

Nimechora jinsi mkono wangu ulivyojua. Sanduku ni la mbao za mti wa kiri. Kifuniko chake nimekiacha kitupu, bila maandishi. Unajua desturi yetu: mchoraji anapotaja kifunikoni kitu alichokichora na kupiga muhuri, basi hicho ndicho kilichomo, hata mfalme hawezi kubisha. Sasa kwa nini niandike leo "Tadahiro" mtupu, wakati baada ya miezi miwili naweza kuandika "Tadahiro, mwenye cheo cha Hokkyo"? Cheo kikishatoka utanitumia kifuniko, nitakijaza na jina lote.

Nimekuwekea pia mfano wa cheti, ili usihangaike kutunga. Unasema hivi: "Picha ilipofunguliwa, watu walimwona chui milia wakatetemeka, wanawake wakafunika macho ya watoto, na wanyama wa kijiji wakakimbilia milimani." Nakili kwa mwandiko wako, piga muhuri wa hekalu. Mheshimiwa mtunza picha anakingoja kabla maua ya cheri hayajaanguka.

Yale uliyoandika mwezi uliopita nimeyasoma mara moja. Nimeyachoma, kwa sababu hapa kila mtu anasoma barua za mwenzake.

Kaka yako

*

Setsuganji
Siku ya kumi na sita, mwezi wa pili

Kaka yangu Tadahiro,

Picha ilifika kavu. Sote wazima, na Mama amefurahi kiasi kwamba tangu jana hajanigombeza. Tulia nikusimulie yote.

Jana walikuja wote, hata wale waliohamisha vibao. Wale walikuja kunicheka, najua. Donkai naye alipanda mlima, akaketi nyuma na mifuko yake ya mochi. Niliitundika picha ikiwa imefunikwa, nikasoma maandiko polepole kuliko nilivyowahi kusoma maishani. Otsune akakohoa. Nikasoma tena ukurasa ule ule. Akakohoa tena. Nikafunua.

Ni picha nzuri, kaka. Lazima nikuambie hivyo kwanza. Nilimtazama Buddha nikasahau kwamba nimekukasirikia. Tembo ni wa ajabu, sijui ni kitu gani, lakini anatia huruma. Halafu Gonzaemon akauliza kwa sauti ya chini, "Yuko wapi?" Watu wakaanza kunong'ona, na wale wa nyuma wakaanza kuvaa viatu vyao vya majani.

Mama akasema, "Nisogezeni." Unajua sasa haoni kitu mpaka akikaribie kama anataka kukinusa. Nikamshika mkono. Alipita kwa wanafunzi, kwa simba, kwa joka, pua inakaribia kugusa hariri, mimi roho mkononi asije akaitoboa. Akafika kwenye miguu ya Buddha. Akasimama. Akaweka kidole kwenye sikio la kushoto la chui milia wako, pale palipopasuka, akasema kwa sauti ambayo hata Donkai aliisikia:

"Koge! We mtoto, kumbe ulikuwa huko."

Halafu akalia. Si kilio cha msiba wa Buddha, kilio chake mwenyewe. Aliniambia, "Amemkumbuka. Hukuniambia kwamba anakumbuka."

Otsune alikuja mbio, akainama, akatazama. "Ni paka!" akasema. "Paka mwenyewe! Tazameni mguu wa nyuma ulivyokunjwa. Na huyu wa madoa ni kama wa kwangu aliyepotea!" Basi ukumbi ukaripuka. Watoto walimwita kwa kumpigia midomo. Gonzaemon alitoa dagaa mkavu kwenye mkono wa kimono akamweka mbele ya picha, na mpaka jioni palikuwa na lundo la dagaa kiasi kwamba paka halisi wa kijiji walikuja msibani kwa miguu yao. Hakuna mnyama aliyekimbilia milimani. Familia zile mbili zimerudisha vibao asubuhi hii, zimeniletea na mchele.

Lakini Donkai si mjinga. Alisimama akasema, "Nimefika Kyoto mimi. Hao ni chui milia na mkewe, wa nyumba ya Kamezu. Mmedanganywa. Sanduku limeandikwa nini?" Nikasema kifuniko ni kitupu. Akacheka, akasema atarudi mwezi ujao kusoma kitakachoandikwa, na watu wakanigeukia mimi. Wanakungoja wewe.

Kwa hiyo nakutumia vitu viwili. Cha kwanza ni cheti. Nimekinakili neno kwa neno, watu walitetemeka, macho ya watoto yamefunikwa, kila kitu, na muhuri wa hekalu umepigwa. Ni uongo wangu wa kwanza ulioandikwa, na nimeuandika kwa sababu wewe ni kaka yangu. Cha pili ni kifuniko, kitupu kama ulivyokiacha.

Ukitumia kimoja, huwezi kutumia cha pili. Mama hajui habari hii. Anakuuliza tu utakuja lini.

Ryosen

*

Kyoto
Siku ya ishirini na tisa, mwezi wa tatu

Ryosen mdogo wangu,

Mama hajambo? Kikohozi hakijarudi? Huku wote wazima. Maua ya cheri yameanguka juzi kwa mvua, na nywele zangu zimeanza kuota tena, zinawasha.

Mheshimiwa mtunza picha alinikuta kwenye ule ukumbi wa ikulu wenye milango niliyoichora, chui milia kumi na wawili wakinywa maji kwenye mianzi. Alikuwa amefuata cheti. Nilikuwa nacho kifuani, ndani ya kimono. Alianza tena habari za sikio la kulia na nguvu inayoinama mbele ya Sheria, na mimi nikainamisha kichwa kama kawaida. Nikiwa nimeinama hivyo nikaona jinsi nilivyomkunja mguu wa nyuma yule chui milia wa tatu, nikacheka. Khaa! Nilicheka mbele ya Mheshimiwa. Akaniuliza kinachochekesha. Nikamwambia. Nikamwambia paka, jogoo, mkia ulioushika wewe, mpaka dagaa wa Gonzaemon.

Aliwageukia chui milia mlangoni. Akawatazama mmoja mmoja, wote kumi na wawili. Kisha yule mzee, na kofia yake nyeusi ndefu, akachuchumaa mbele ya mlango, akanyoosha kidole, akamwita chui milia wangu kwa kupiga midomo, kama watoto wa kijijini kwetu. Aliporudi kusimama alikuwa amekasirika, maana nadhani alitegemea atakuja.

Cheo kimekwenda kwa bwana wa misonobari. Hongera zake. Msonobari hauna mama wa kuutambua. Sina hakika kama milango ya ikulu itabaki au watabandika karatasi mpya juu yake. Shemeji yako hasemi nami, ila jana nilimsikia anawaeleza watoto habari ya Koge, na walicheka sana.

Cheti chako kimesafiri vibaya. Nimefungia dagaa. Wafungulie paka wa Otsune, na wewe usidanganye tena kwa maandishi, mwandiko wako unatetemeka.

Kifuniko hiki hapa, wino umekauka. Kiweke mahali Donkai atakapokisoma bila kuinama. Nimeandika: "Koge, paka wa mama yetu, akimlilia Buddha. Amechorwa na Tadahiro, mtoto wa wafuga viwavi wa Shinano." Muhuri ni wangu, na hilo hata mfalme hawezi kulibisha. Yule wa madoadoa sikumtaja. Otsune akisema ni wa kwake, basi ni wa kwake.

Nakuja miforosadi ikichipua. Safari hii nimeshakodi farasi. Niwekeeni makaki kama yamebaki.

Jambo moja la mwisho, usimwambie mtu isipokuwa Mama. Koge alipasuliwa sikio la kushoto. Chui milia wote wa ikulu niliwapasua la kulia, miaka yote, ili mtu wa kwetu akipita asimtambue. Kwenye picha yenu peke yake nilipasua la kushoto. Nilikuwa nimeshalichora kabla hujaniandikia habari ya makovu yako.

Kaka yako,
Tadahiro